Mara ya Tatu Juu ya Gaula

Nyama ya nguruwe ilikuwa imelala kwenye divai na vitunguu saumu tangu juzi, na asubuhi hiyo Deolinda aliibandika kwenye moto mdogo, kwa kuwa Lino aliipenda iive hadi ichambuke yenyewe. Lino ni mwanawe wa pekee. Anapika kwenye hoteli moja kisiwani Jersey, mbali huko kaskazini, na bosi wake alikuwa amemwachia siku chache tu za kuja nyumbani kabla ya Krismasi. Hata baba yake alizikwa yeye akiwa angani. Siku ile ndege ilizunguka, upepo ukaizuia kutua, ikamrudisha alikotoka. Miaka imepita, na mama na mwana bado hawajatiana machoni.

Nyumba za kijiji cha Gaula zimeparamia mlima, na upepo ukitoka kaskazini, ndege zinazokuja kisiwa cha Madeira hupinda juu ya mapaa yake, kisha hujinyoosha kuelekea uwanjani, pale njia ya kutua ilipolazwa juu ya nguzo za zege. Hupita chini kiasi kwamba mwenye macho mazuri huhesabu madirisha. Kwa hiyo mwenye mgeni wake hupanda juu ya paa akatandaza kitambaa cha meza, kile kizuri chenye tarizi, ili aliye angani aijue nyumba na ajue kwamba chakula kipo.

Gorete alikuja kusaidia kukibana kitambaa kwa vibanio. Alikuwa jirani na mama wa ubatizo wa Lino, mwanamke mwembamba, nywele bado nyeusi, mdogo kwa Deolinda kwa miaka mingi. Upepo ulikuwa umeshaanza kuteremka mlimani. Migomba chini ya ukuta ilikuwa imechanika majani, na kule rasini povu jeupe lilikuwa linakimbia kuelekea bahari kuu. Deolinda alilitazama lile povu akiupima upepo. Gorete akamtania kwamba kama amekuwa mkuu wa mnara wa kuongozea ndege, basi avue aproni akadai mshahara wake.

Ndege ikatokea upande wa baharini, mabawa yanayumba kama sinia mikononi mwa mlevi. Ikapinda juu yao, ikashuka, ikashuka tena, halafu injini zikanguruma ikapanda kwenda zake. Baada ya kitambo ikarudi. Ikafanya vilevile.

Kila mtu wa Gaula anajua kwamba rubani hujaribu mara mbili, na akishindwa huenda kisiwa jirani cha Porto Santo au hurudi Lisbon. Deolinda hakungoja kuambiwa. Alisema, "Basi, kaenda," akashuka ngazi polepole, mkono ukutani, kwenda kuzima jiko. Gorete alibaki juu kukiokoa kitambaa, maana vibanio vilikuwa vimeruka.

Deolinda alikuwa ameshika kifuniko cha sufuria vikombe vilipoanza kutetemeka kabatini. Aliujua mtetemo ule. Alitupa kifuniko akashika ngazi, lakini magoti yake si ya kukimbia tena, na alipotoa kichwa juu ya paa aliona mkia tu, unapanda juu ya bahari. Gorete alisimama katikati ya paa, kitambaa mikononi, nywele zimemfunika uso.

Haikurudi tena. Jioni Lino alipiga simu kutoka Lisbon. Alisema nafasi hazipo hadi Krismasi ipite, na kazini wanamngoja, kwa hiyo anarudi Jersey. Aliongea kama mtu aliyelia, kisha akanawa uso.

"Lakini mama, nimekuona."

Deolinda akamtazama Gorete, aliyekaa upande wa pili wa meza akikunja kitambaa.

"Umeniona?"

"Ile mara ya mwisho. Nilikaa dirishani, upande wa mlimani. Umekinyanyua kitambaa juu, nywele zinapepea. Nikamwambia jamaa wa pembeni, yule pale ni mama yangu. Upande wetu wote wakakupungia."

Simu ile ilikuwa na sauti kubwa. Gorete aliacha kukunja.

"Ndiyo, mwanangu," Deolinda akasema. "Nilikuwa mimi."

"Hujazeeka hata kidogo, mama. Nilikuwa naogopa nitakuta umezeeka."

"Nakula vizuri."

Simu ilipokatika, Gorete alianza kuomba radhi, lakini Deolinda alikwisha kwenda jikoni. Alipakua nyama sahani mbili, akakata mkate, akamimina divai. Walikula, nje migomba ikipigwa na upepo.

"Shoga," Deolinda akasema mwishowe, "walikuwa wanapunga kweli? Yeye alikuwa anapunga?"

Gorete alitafuna, akameza.

"Nilikuwa nahangaika na kitambaa, shoga yangu. Sikuinua macho."

Deolinda akaitikia kwa kichwa taratibu, akavuta sahani ya mwenzake na kumwongezea nyama.