Spika za Mtu Asiyeona

Yule dada alikuwa tabibu wa meno. Kwa miaka kumi na minne alikuwa amechungulia vinywa vya kila namna, vyenye usaha na mizizi iliyooza, bila kukunja uso. Wenzake walimtania kwamba kuzaliwa alizaliwa, kinyaa kikasahauliwa. Kumbe alikuwa nacho, ila hakijapata wa kukiamsha.

Baba yake, mpiga chapa mstaafu, alikuwa amepofuka macho yote mawili. Filamu hakuziacha, alizifuata kwa masikio. Tatizo lilikuwa ile kompyuta ya sebuleni waliyoiunganisha na televisheni: vispika vyake vililia kama nyuki ndani ya kopo.

"Nipelekeni dukani," mzee akasema. "Nitachagua mwenyewe."

Wakaenda watatu: mzee, binti, na kaka mtu, ambaye ndiye aliyejifanya mjuzi wa mitambo. Muuzaji akaanza kumwaga sifa. "Wati elfu moja, mzee! Besi yake inatikisa kabati!"

"Kabati langu halijaomba kutikiswa. Niwekee mtu ananong'ona."

Muuzaji akacheka, kisha akaona anacheka peke yake. Saa mbili nzima mzee alikaa kwenye stuli, kichwa kainamisha, akikataa hii na kurudisha ile. Mwisho akachukua kadi ya sauti ya kompyuta isiyovuma, amplifaya ndogo ya kukuza sauti, na spika tatu nyeusi za mbao. Ile ya katikati, ya maneno, aliipapasa kama kichwa cha mjukuu. Mtu wa kwenye filamu akimeza mate, ulimsikia.

"Kazi ya kufunga niachieni mimi," kaka akasema. "Nazipitisha kwangu nizijaribu, keshokutwa nazileta."

Akazileta kweli. Akaunganisha nyaya, akakataa chai, akaondoka mbio. Mzee akawekewa filamu. Hata dakika mbili hazikupita, akainua mkono.

"Hizi si zile."

"Baba, ni nyeusi zilezile."

"Rangi mimi nitaionea wapi? Hebu gonga."

Binti akagonga ubavuni. Ikaitika kama boksi la viatu. Akaleta bisibisi, akafungua ile ya katikati. Ndani mlikuwa na kipande cha zege kilichobandikwa kwa gundi ili kuongeza uzito, kispika kimoja cha redio ya mkononi, na mavi ya mende. Yale matundu mengine mawili ya mbele yalikuwa plastiki tupu, ya kupendezesha.

Akampigia kaka yake, simu akaiweka mezani kwa sauti ya juu. "Kaka, hizi umezitoa wapi?"

Kaka akacheka. "Mdogo wangu, tusidanganyane. Mzee hata picha haoni. Spika za maana zikae kwa kipofu? Si ni kuzitupa?"

"Baba anakusikia."

Simu ikakatika. Mzee alikuwa akifuta mikono yake mikavu kwa leso, anafuta na kufuta.

Mende hawakumfanya lolote yule dada, wala mavi yao. Lakini baada ya maneno yale alikimbilia sinki, akatema mate machungu.

Alipofika kwa kaka, wifi yake ndiye aliyefungua mlango, macho chini. Spika tatu zilikuwa zimepangwa chini ya televisheni, zimefunikwa vitambaa vya kufuma. Kaka alikuwa amejinyoosha kwenye kochi anachokonoa meno, yale meno ambayo dada alimsafishia bure kila mwaka.

"Basi zichukue. Tuvunje udugu kwa sababu ya maboksi?" Akanyoosha mkono amsaidie kubeba.

"Usiziguse."

Alipozirudisha, mzee alimsikiliza akihangaika na nyaya. "Usimchukie, mama. Mtoto akikunyea kiganjani, mkono huukati."

"Huukati, baba. Lakini unaunawa."

Filamu ikaanza, mwanamke akanong'ona jina la mtu, na uso wa mzee ukalegea.

Jumapili kaka akaja, mikono mitupu, akaketi karibu na baba yake. "Unasikia sauti hiyo?" akajisifu. "Si niliwaambia kwamba hizi ndizo?"

Dada akatoka nje, akakaa barazani mpaka kaka alipoondoka. Kisha akaingia, akavua foronya ya mto aliouegemea kaka, akailoweka.