Siku Tatu za Kuhesabu Watoto

Wasila aliiogopa barabara ya kiwanda kuliko maradhi. Binti yake Yosra, wa darasa la tatu, aliivuka mara nne kwa siku: asubuhi kwenda shule, mchana kurudi kula, kisha kwenda tena na kurudi tena. Nyumba huku, shule kule, na katikati malori ya zeituni yakikimbia kama yanafukuzwa. Hapakuwa na kivuko, tuta wala njia ya miguu. Wafanyakazi waliokwenda kiwandani kwa baiskeli walijitupa mchangani kila honi ilipolia nyuma yao.

Miaka miwili aliiandama manispaa iweke kivuko. Barua ya kwanza ilipotea, ya pili akaandikiwa na mfamasia. Hatimaye Si Ridha, yaani Bwana Ridha, mhandisi wa barabara, mtu mpole mwenye miwani, akamwambia ukweli.

"Mama, fungu la fedha za waenda kwa miguu na baiskeli ni dogo, na mitaa kumi inaligombania. Tunalipeleka penye miguu mingi. Watu wetu watakuja kuhesabu wapitao."

"Lini?"

"Hatusemi. Tukisema, kila mtaa utatutolea harusi barabarani."

Wasila alicheka njia nzima. Alimkuta jirani yake, Lella Mongia, akianika pilipili uani. Mongia alikuwa akimlea mjukuu wake Anis, maana mama wa mtoto huyo alikuwa Italia akifanya kazi.

"Waje hata kesho!" Wasila akasema. "Watoto wetu saa mbili asubuhi ni kama siafu!"

"Nawe peke yako utahesabiwa mara nane," Mongia akamtania. "Unampeleka mtoto, unarudi, unakwenda kumchungulia."

Ulikuwa mwezi wa Novemba, na simu za watu zilijaa habari za watoto kuibwa. Hakuna aliyemjua mtoto hata mmoja aliyeibwa, lakini kila mtu alimjua aliyesikia. Jumanne asubuhi, Wasila akirudi kutoka shuleni, aliliona gari jeupe lisilo na alama yoyote, limeegeshwa kando ya duka la dawa. Ndani yake vijana wawili. Mmoja aliwakazia macho watoto, na kila mtoto alipopita, kidole chake kilibonyeza kitu kidogo kiganjani.

"Nyinyi, mnafanya nini hapa?"

"Kazi, mama."

"Kazi ya nani?"

"Hatukuruhusiwa kusema. Endelea na safari yako, mama."

Wahesabuji aliowangoja yeye walikuwa watu wazima wenye suti, gari la serikali na karatasi za mihuri. Hawa walikuwa na ndevu changa na mfuko wa mbegu za alizeti. Hapo ndipo alipopaswa kusimama akafikiri. Ofisi ya Si Ridha ilikuwa mwendo wa robo saa. Lakini simu ilikuwa mkononi, na mkono uko karibu kuliko ofisi.

Alilipiga gari picha, akatuma sauti kwenye kundi la akina mama: "Shikeni watoto wenu! Wezi wako kwenye duka la dawa, nimewaona kwa macho yangu, wanawachagua mmoja mmoja! Asivuke mtoto kwa miguu!"

Mchana hakuvuka mtoto kwa miguu, ila wachache ambao habari haikuwafikia wazazi wao. Wenye magari walibeba sita sita, na Khemais muuza mboga akawapakia wengine kwenye pikapu yake kati ya vitunguu. Wasio na usafiri waliwafungia watoto wao ndani. Hata wenye baiskeli, waliposikia kuna watu wanawachunguza wapitao, wakapitia nyuma, mashambani. Ikawa hivyo hadi Alhamisi jioni. Ijumaa gari jeupe halikuonekana.

"Umetuokolea watoto, wallahi!" akina mama wakamwambia Wasila. Mongia akamletea sahani ya makrudi, vitafunio vitamu vya tende, na akambusu paji la uso.

Januari wakaitwa ukumbini kusikia bajeti. Si Ridha alianza na barabara ya ufukweni: njia pana ya miguu na njia ya baiskeli.

"Kule wanatembeza vitambi tu!" mama mmoja akapaza sauti, ukumbi ukacheka.

"Barabara ya kiwanda," Si Ridha akaendelea. "Asubuhi ya kwanza watoto mia na arobaini. Haikufanana na siku zilizobaki, tukadhani kulikuwa na sherehe shuleni, tukaiondoa. Baada ya hapo, watoto kumi na mmoja. Baiskeli nne. Magari yanayoleta watoto ni mengi mno. Kwa hiyo barabara yenu itapanuliwa, magari yapate nafasi."

Nyuma yake kijana mwenye ndevu changa alikuwa akigawa karatasi. Wasila akamtambua. Akasimama.

"Mimi ndiye niliyewaficha watoto. Nilidhani hawa ni wezi."

Si Ridha akavua miwani. "Mama, mlango wangu si unaujua? Kwa nini hukuja kuniuliza?"

"Kijana wako alikataa kusema!"

"Tulimwagiza asiseme."

"Basi hesabuni tena, kesho!"

"Baraza limeshapiga kura. Kuhesabu tena ni baada ya miaka mitatu."

Miaka mitatu, kisha kura, kisha ujenzi: hadi hapo Yosra atakuwa amemaliza shule ile. Mongia hakumngoja Wasila akae. "Ulisema umeona kwa macho yako," akamwambia mbele ya watu. "Mimi nikakuamini, nikamfungia mtoto ndani. Kumbe nilikuwa namfuta hesabuni."

Usiku ule Wasila aliwaandikia akina mama kuwaomba radhi. Asubuhi alikuta ametolewa kwenye kundi.

Kiangazi barabara ikapanuliwa. Mashimo yaliyokuwa yakiyapunguza mwendo malori yakazibwa, lami ikang'aa. Shule zilipofunguliwa Septemba, siku ya tisa, kulabu ya ubavuni mwa lori ilinasa mkoba wa Anis, ikamburuta. Alivunjika mkono wa kushoto.

Tangu siku ile Wasila husimama katikati ya lami mara nne kwa siku, na kitambaa chekundu cha mezani, akiwatukana madereva hadi wasimame. Akina mama humwachia watoto wao. Mongia naye huja, humkabidhi mkono wa Anis ulio mzima. Salamu hampi.