Mama Stoo na Kabati Lenye Kioo

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu. Naapa kwa macho yangu mawili na kwa meno yangu yote. Sijatia chumvi hata punje. Akitokea mtu akanionyesha uongo mmoja, mmoja tu, nitapiga deki ngazi zote za jengo letu, kuanzia ghorofa ya tano mpaka mlango wa chini, kwa magoti, bila kunung'unika. Ngazi zenyewe ni tisini na mbili. Mwone basi jinsi ninavyojiamini.

Ghorofa ya tatu ya jengo hilo anaishi Mama Stoo. Jina hilo alilipata kazini, alikotunza stoo ya vipuri vya matrekta miaka thelathini na mmoja bila kupotea hata nati. Ghorofa ya tano anaishi mdogo wake, fundi lifti mstaafu, mwanamume mtanashati, mpole, mwenye akili nyingi. Msiniulize kwa nini fundi lifti alijichagulia jengo lisilo na lifti. Mwenyewe alisema zile alizokwisha kuziona zinamtosha.

Mdogo mtu huyo alifiwa na mkewe miaka mitatu nyuma. Hakuwa na shida yoyote, ila alikuwa hafungui mapazia, na ukimuuliza jambo anakujibu "mm". Dada yake alimpelekea chakula, akajibiwa mm. Akampelekea habari za ukoo mzima, waliooana na walioachana, mm. Mpaka siku Mama Stoo aliponunua mashine ya gemu yenye pedi mbili za kuchezea, akaichomeka kwenye runinga yake pale ghorofa ya tatu, akamwita ndugu yake aje amshikie kidude dakika moja. Dakika hiyo ikawa kila Jumamosi, saa tisa alasiri. Mtu wa mm akaanza kupayuka: "Dada, nyuma yako! Nyuma! Wewe vipi, umekuja kutalii?" Mama Stoo aliyapokea masimango yale kwa furaha kuliko salamu.

Kisha, bila kugombana na mtu, gemu zikamchosha.

Zilianza kumchosha polepole, kama kiatu kinavyoanza kubana. Alikaa kwenye kochi, pedi mkononi, huku akiwaza nguo alizoanika. Akapiga miayo mpaka taya likalia. Jumamosi moja akasema kichwa kinamgonga, ya pili mgongo, ya tatu akasema kichwa tena, akasahau kwamba kilishatumika. Mdogo wake aliweka pedi chini taratibu.

"Dada, usijilazimishe. Binamu ana watoto watatu, wataifurahia mashine hii. Nimemwambia aje kuichukua Jumamosi ijayo, saa kumi."

"Na sisi?"

"Mm," akasema mdogo wake, akapanda ngazi.

Mama Stoo alibaki ameshika tama. Alijua wazi kitakachotokea. Mashine ikitoka, mdogo wake atarudi kwenye mapazia yake, na mm ile haitamwacha tena. Na kujifanya anafurahia hawezi. Amejaribu, ameumbuka kwa miayo. Ilimbidi apate gemu moja, hata moja tu, itakayomtia wazimu wa kweli kabla ya Jumamosi saa kumi.

Jumapili asubuhi alikuwa kwa fundi simu pale kona, mwanamke wa makamo mwenye kicheko cha kupasua glasi, ambaye chini ya meza yake aliweka sanduku la diski za gemu za kuazimisha. Mama Stoo alichukua tatu. Jumatatu akazirudisha, akachukua nne. Alicheza kama mtu anayetafuta ufunguo uliopotea ndani ya nyumba inayoungua. Kwenye gemu ya shamba alipanda kabichi, akazipanga kwa ukubwa, akakataa kuzivuna. Kwenye gemu ya mbio za magari alishinda gari jekundu, akaliegesha gereji lisije likachubuka, akaendelea kukimbia na bovu. Jumatano alicheza gemu ya mapanga na majitu, akaliwa na jitu moja mara kumi na tisa.

"Hebu nione mkoba wako," akasema fundi simu siku iliyofuata. Mama Stoo alikuwa ameibeba mashine nzima kwenye kapu kama mgonjwa anayepelekwa zahanati. Fundi akaiwasha, akafungua mkoba wa shujaa wa ile gemu, macho yakamtoka. "Dada! Una chupa mia mbili na kumi na mbili za dawa humu! Unaliwa na jitu, dawa unazo, hunywi?"

"Zikiisha?"

"Zimewekwa zinywewe!"

"Za akiba hizo. Nikiamua kuzitoa ovyo ovyo, siku zikihitajika nitasema nini?"

"Siku gani tena, dada yangu, na wewe uko tumboni mwa jitu?" Fundi simu alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akamtazama vizuri. "Ulistaafu lini?"

"Mwaka wa nne huu."

"Nani kakudanganya? Wewe bado uko kazini. Huchezi, unahesabu mali."

Neno hilo lilimchoma Mama Stoo, kwa sababu lilikuwa kweli. Miaka yote ile stooni hakutoa hata waya bila hati yenye sahihi mbili, na sasa mikono yake ilikuwa haijui namna nyingine ya kushika kitu. Akaapa kujirekebisha. Siku hiyo hiyo mchana akarudi kwa lile jitu, akaazimia kunywa chupa moja. Kidole kikafika juu ya kitufe, kikarudi haraka kama cha mwizi. Hakunywa. Akaliwa.

Ijumaa jioni sanduku la fundi simu lilikuwa limebaki na diski moja tu asiyoijaribu, iliyolala kwenye kasha lisilo na picha.

"Hiyo hakuna anayeiazima," fundi akamwonya. "Maandishi yake hata sijui ni ya watu gani."

"Nipe. Nimefika mwisho wa rafu."

Jumamosi saa tisa mdogo wake aliteremka akiwa amebeba boksi tupu la kufungia mashine. Alilibwaga mlangoni, akakaa kwenye kochi kama mtu aliye kwenye benchi la hospitali. Mama Stoo akamtia pedi mkononi.

"Ya mwisho," akasema. "Tuagane nayo."

Skrini ikajaa maandishi ya vijiti na kulabu. Mama Stoo, kwa mazoea, alitafuta orodha ya mali. Aliipata, lakini nayo ilikuwa vijiti na kulabu, hata tarakimu zake ni kulabu. Ni ngapi? Za nini? Zimebaki kiasi gani? Haikujulikana. Alijiona kama mtu aliyenyang'anywa miwani sokoni. Kabla hajalalamika, wakatokea vikatuni viwili vifupi vyenye miguu ya mkunjo, kimoja mbele na kimoja nyuma, na katikati yao kabati kubwa la nguo lenye kioo cha kujitazamia. Mbele yao, ngazi.

"Kumbe tunahamisha kabati," akasema mdogo wake.

"Ghorofa ya ngapi?"

"Itakuwa juu. Kabati siku zote linakwenda juu."

Wakainua. Kikatuni cha mbele kikaenda kulia, cha nyuma kushoto, kabati likajipiga ukutani, likageuka, likateremka ngazi kwa mgongo, kioo kikavunjika pwaa! Wakarudishwa mwanzo.

"Mbona umevuta?" Mama Stoo akauliza.

"Mimi nimevuta? Wewe umesukuma!"

"Mtu wa nyuma asukume nini kama si kabati?"

Mara ya pili walifika kwenye kona. Mara ya tatu wakaipita kona, wakamkuta paka amelala ngazini, kabati likamruka paka, likawaacha wote wawili. Mara ya sita Mama Stoo aligundua kwamba amesimama wima juu ya kochi, kanga imefungwa kiunoni, jasho linamtoka. Kichwani hakuwa na kabichi wala gereji wala nguo za kuanika. Alikuwa na kona tu, ile kona inayofuata, mama yangu, hiyo inakuja!

"Inamisha! Inamisha upande wako!"

"Nimeinamisha mpaka nimelala!"

"Kulia kwangu au kulia kwako?"

"Kulia kwa kabati!"

"Kabati lina kulia?"

Mtu wa mm alikuwa anacheka mpaka hatoi sauti, anapiga goti kwa kiganja. Wakafika ghorofa ya pili. Wakafika ya tatu, wakakuta mlango wa lifti. Fundi lifti akapagawa. "Dada, niachie mimi hapa. Hii ndiyo kazi yangu." Wakalisukumiza kabati ndani, akabonyeza kitufe, lifti ikazama mpaka chini ya ardhi. Mama Stoo alimtupia mto.

Kila ghorofa palikuwa na kichupa cha mafuta ukutani, na Mama Stoo, kwa mkono uliozoea, alikichukua na kukitia mfukoni. Hakujua ana vingapi.

Hawakusikia hodi. Binamu yao, mtu mrefu anayeogopa kuchelewa, aliingia saa kumi kamili, akawakuta wote wawili wamesimama juu ya kochi la watu watatu, vikatuni vyao viko ghorofa ya nne, kabati linaning'inia nje ya uzio.

"Hamjambo? Nimekuja kuchukua ile..."

"Hati iko wapi?" Mama Stoo akauliza bila kugeuka.

"Hati gani?"

"Stoo hii haitoi kitu bila hati yenye sahihi mbili. Ya kwanza yangu, ya pili ya huyu."

Binamu akamgeukia huyu. "Si wewe uliyeniita?"

"Sina kalamu," akasema mdogo mtu. "Dada, vuta! Vuta, linatuponyoka!"

Binamu alitazama skrini. Akatazama tena. Akakaa taratibu juu ya lile boksi tupu, likabonyea. "Mbona huyo wa nyuma hapindi?" akauliza. Muda si mrefu naye akawa anapiga kelele kuliko wenye nyumba.

Ghorofa ya tano. Mlango wa mwisho. Kabati likaingia nusu, likakwama. Huku nyuma ngazi zikaanza kumong'onyoka moja baada ya nyingine, kokoto zinadondoka, zinakuja. Wakasukuma, wapi! Wakalipinda, wapi!

"Mafuta!" akapayuka mdogo wake. "Dada, si umekusanya mafuta? Mwaga!"

Kidole cha Mama Stoo kikasimama juu ya kitufe. "Yakiisha?"

"Yaishe!"

Zilibaki ngazi mbili. Ikabaki moja. Mama Stoo akafumba macho, akabonyeza. Hakumwaga kichupa kimoja. Alimwaga vyote, mfuko mzima, bila hati, bila sahihi, huku akipiga yowe ambalo majirani walidhani ni mtoto amezaliwa. Kabati likachomoka kwenye mlango kama sabuni kwenye kiganja, likateleza chumba kizima, likavuta mazulia, likajigonga kwenye ukuta wa mwisho, likayumba, likayumba tena... likasimama. Kioo kizima. Ndani ya kioo vikatuni viwili vimekumbatiana, na dirisha wazi nyuma yao.

Binamu alikuwa sakafuni. Boksi halikuwa boksi tena.

"Kuna jengo la pili," akasema mdogo wake kwa sauti iliyokauka, akionyesha skrini. "Dada, tazama. Lina ghorofa kumi."

"Unangoja nini? Shika mbele!"

Binamu aliondoka mikono mitupu wakati wa magharibi, baada ya kuomba zamu mara mbili. Kesho yake, mtu aliyepita barabarani, kama angeinua macho, angeona mapazia ya ghorofa ya tano yamefunguliwa. Na kama ningetaka kutia chumvi ningesema mtu fulani alilia pale kabati liliposimama. Alilia, ndiyo: Mama Stoo. Mdogo wake alikuwa mkavu kama tofali. Safari nzima kabati lilimponyoka mara tatu tu, na zote ni kwa sababu ya upepo.

Nilikuwa nimefika hapo, kalamu bado ina moto, nikasikia mtu anapumua nyuma ya sikio langu.

"Mwanamume mtanashati," dada akasoma kwa sauti. "Mpole. Mwenye akili nyingi. Ndiye nani huyo?"

"Ni mimi, dada."

"Na meno yako yote uliyoyaapia?"

"Nilimaanisha yaliyobaki."

Akavuta kiti. Akatoa mfukoni kijidaftari, kile kile cha zamani chenye jalada gumu. "Gemu ile haikuwa na tarakimu za kusomeka," akasema, "kwa hiyo nilihesabu kichwani, usiku nikaandika. Kabati lilianguka mara arobaini na saba. Nane ni mimi. Thelathini na tisa ni wewe. Na upepo, mdogo wangu, uliingilia wapi ndani ya jengo?"

Nikajifanya natafuta kifuniko cha kalamu.

"Na nani alilia?"

"Tulilia wote."

"Nani alianza?"

Niliinuka, nikaenda kuchukua dekio. Beseni likijaa maji ni zito, na magoti yangu si ya juzi. Nililikokota mpaka mlangoni pangu ghorofa ya tano, nikatazama ngazi zote tisini na mbili zikinisubiri kule chini. Hapo dada akashika upande wa pili.

"Nakusaidia kubeba tu," akasema. "Kupiga deki utapiga mwenyewe. Unakaa mbele au nyuma?"

"Mbele."

Tukainua. Kwenye kona ya kwanza mimi nikaenda kulia, yeye kushoto, maji yakaruka mpaka ukutani na viatu vyangu vikajaa.

"Moja," akasema dada.