Bolti Isiyo na Alama

Mzee alianza kusahau vitu vidogo: alikoweka miwani, jina la kinyozi, chumvi kama ameshatia au bado. Watu wa nyumbani wakacheka naye. Kisha siku moja akatoka kwenda msikitini, mwendo wa kutupa jiwe, akarudishwa jioni na mtu wasiyemjua. Tangu hapo hakuna aliyecheka.

Gereji yake ilikuwa banda la bati ubavuni mwa nyumba, mlango mmoja ukitazama barabara, mwingine ukiingilia jikoni. Hapo alishusha na kupandisha injini tangu binti yake hajaota meno. Binti alijifunza kazi miguuni pake, akaiva, na wateja walimwita Dada Fundi. Kwa kweli ndiye aliyeiendesha gereji sasa, lakini Baba akiwa ndani, hata spana aliishika kwa adabu.

Kazi iliyobadilisha yote waliletewa na mdogo wake Dada Fundi, kitinda mimba, waliyempachika jina la Kishada kwa sababu tangu utotoni hakujua kukaa chini. "Huyu hata chooni anakwenda kwa gia ya nne," Mzee alizoea kusema. Kishada alishindana kupanda mlima kwa gari, yale mashindano ambayo kila dereva hupanda peke yake akipimwa kwa saa. Kila mwaka alirudi na kikombe cha mshindi wa pili, na vikombe hivyo mama yao, enzi za uhai wake, alivitumia kuwekea vijiko.

"Safari hii sitaki vijiko," Kishada alisema, akilisukuma gari bandani. "Juu kwenye injini nimeshamaliza kila kitu. Sasa ni chini. Krenki, pistoni, konrodi, beringi, vyote. Nataka niikanyage mpaka mwisho isinililie."

"Ukiikanyaga mpaka mwisho italia tu," Mzee alijibu. "La kujiuliza ni italia kilio gani."

Walicheka wote watatu. Baadaye Dada Fundi angelikumbuka neno lile akiwa amelala macho wazi.

Waliishusha injini, wakaifungua hadi ikabaki gofu. Mitungi inamopanda na kushuka pistoni ikapelekwa kutanuliwa, krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni hizo, ikachongwa na kusawazishwa uzito ili izunguke bila kutetemeka. Pistoni zikaja mpya, na konrodi mpya, ile mikono ya chuma inayoshikanisha pistoni na krenki, nene kuliko za mwanzo. Zilikuja na bolti zake zimefungwa kwenye karatasi yenye mafuta. Mzee alizitoa moja moja kama anayetoa mayai chini ya kuku.

"Hizi zinakazwa mara moja tu," alimwambia binti yake, ingawa binti alilijua hilo tangu zamani. "Unapoikaza inanyooka kidogo, na kule kunyooka ndiko kunakoshika. Ukiilegeza, itupe. Utaiona nzima, lakini roho imeshatoka."

Kazi ya kukaza konrodi Mzee hakumwachia mtu. Kila bolti aliyoimaliza aliipaka tone la rangi nyeupe kichwani, ndipo akaigusa inayofuata. Ijumaa ile mchana Dada Fundi alimwacha akikaza, akaenda dukani kununua gasketi ya sampo, lile bakuli la oili linalofunika injini kwa chini. Aliporudi alimkuta baba yake amekaa juu ya tairi kuukuu, spana mapajani, anaitazama injini kama mtu anayemtazama mgeni asiyemkumbuka.

"Umeshazikaza zile bolti?" Mzee alimuuliza.

"Baba, si ulikuwa unakaza wewe?"

Mzee alitazama viganja vyake, vyote viwili. "Ndiyo," akasema polepole. "Ni mimi." Akainuka, akaingia ndani kujinyoosha.

Dada Fundi aliinamia injini na taa ya mkononi. Vichwa vya bolti vilimtazama, kila kimoja na tone lake jeupe, isipokuwa kimoja. Bolti moja ya konrodi ya tatu ilikuwa kavu, nyeusi, haina alama.

Angeweza kwenda kumwamsha. Alifika hata mlangoni, akaona baba yake amelala chali na mkono juu ya macho, akasita. Kumuuliza kama anakumbuka kulikuwa sawa na kumvua nguo mbele ya mtoto wake. Akarudi bandani kwa kunyata. Akisema aikaze kwa kubahatisha, na kumbe imeshakazwa, ataivuta kupita kiasi. Njia ya kujua, alijiambia akiomba iwe bado haijakazwa, ni kuilegeza na kuanza upya. Akatia spana, akavuta.

Bolti haikukubali. Alivuta kwa uzito wake wote ndipo ikaachia, *ka!*, mlio uliosikika mpaka jikoni. Ilikuwa imekazwa barabara. Mzee alikuwa amesahau rangi tu.

Alisimama pale jasho likimpoa mgongoni. Bolti zile haziuzwi dukani, huagizwa, na huchukua majuma kufika. Mashindano yalikuwa Jumapili. Akawaza: bolti moja, tena imelegezwa mara moja tu, itakuwaje? Akaikaza upya. Ilizunguka laini, laini kuliko alivyopenda. Akachovya kijiti kwenye rangi, akaweka tone jeupe pale pasipokuwa na tone, akafunga sampo.

Waliirudisha injini garini, na Kishada alipoiwasha usiku ule, sauti ilijaa banda zima. Mzee aliweka kiganja juu ya boneti, akafumba macho. "Imekaa," akasema.

"Mbona wewe kimya, Dada?" Kishada aliuliza.

"Nimechoka. Wewe usiivute sana. Bado ngeni, inataka kuzoezwa."

"Kama Baba kakaza kwa mkono wake, mimi nina wasiwasi gani?" Akampiga baba yake busu la utosini, akaondoka.

Siku nzima ya Jumamosi aliizoeza injini kwa kupita mitaani. Kila alipopita mbele ya gereji, Dada Fundi aliacha alichokuwa akifanya, akatega sikio. Hakusikia kitu. Injini iliimba vizuri kuliko zote alizowahi kuziunda, na uzuri ule ndio uliomnyima raha. Mara mbili alishika simu ampigie. Mara mbili akaiweka mezani.

Jumapili walisimama, yeye na baba yake, karibu na kona ya juu, pale barabara inapobanwa na mwamba. Walimsikia Kishada kabla hawajamwona. Sauti ilikuja ikipanda, nyembamba, safi, na watu wakaanza kupiga miluzi. Kisha ndani ya sauti ile kikaingia kitu kingine, kama mtu anayegonga geti la chuma kwa nyundo. Dada Fundi alifungua mdomo. Mlipuko ulimtangulia. Moshi mweupe ukafunika boneti, oili ikamwagika chini ya magurudumu, na gari likaserereka hadi kwenye mwamba.

Kishada alitolewa hai. Mguu wa kulia haukuokolewa.

Mabaki ya gari yalipofikishwa bandani, Mzee hakutaka mtu mwingine ayafungue. Bloku lilikuwa limetobolewa ubavuni. Alipapasa ndani, akatoka na kipande cha bolti, kichwa chake kikiwa na tone jeupe lililoungua pembeni.

"Alama yangu hii," alisema. "Niliweka alama bila kukaza. Mikono yangu imemla mwanangu mguu."

Dada Fundi alikuwepo, ametenganishwa naye na upana wa injini, na hakusema neno. Hakusema siku ile wala zilizofuata, hata Mzee alipoacha kula, hata Kishada alipotuma salamu kutoka hospitali kwamba Baba asilaumiwe. Lakini alipomkuta baba yake anatia zana zake zote kwenye gunia ili zikauzwe, ulimi ulimfunguka. Alimweleza yote, tangu gasketi mpaka rangi.

Mzee aliliweka gunia chini. "Kwa hiyo niliikaza?"

"Uliikaza, Baba. Barabara kabisa."

Mabega ya mzee yalishuka kama mtu aliyetuliwa gunia la mawe. Usiku ule alikula. Binti naye alilala kwa mara ya kwanza, akidhani lililokuwa zito limekwisha.

Asubuhi alimkuta bandani, macho mekundu, bolti iko kiganjani. "Alama yangu hii," Mzee alikuwa akisema. "Mwanangu, mikono yangu..."

Binti akavuta kiti, akamweleza upya.

Ndivyo asubuhi zao zilivyokuwa tangu hapo. Dada Fundi aliitupa ile bolti shimoni, haikusaidia. Kila usiku Mzee alisahau aliyoungamiwa na binti yake, lakini hatia yake mwenyewe hakuisahau. Siku nyingine alimsamehe upesi, siku nyingine alikasirika, asimsemeshe mpaka jioni. Kishada, aliyekuwa akijifunza kutembea kwa magongo, aliwasikiliza toka mlango wa jikoni.

"Mwache aamini anavyoamini, Dada," alisema siku moja. "Unajimaliza."

"Hakukosea yeye."

Asubuhi moja ya mvua, Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu ambacho hakuwahi kukiuliza. "Kwa nini hukuniamsha ukaniuliza?"

Binti alitazama sakafu iliyojaa oili ya miaka. "Niliogopa utasema hukumbuki."

Mvua ilipiga bati.

"Ningesema sikumbuki," Mzee alijibu. "Halafu tungengoja bolti mpya."