Lita Themanini za Petkana

Jumamosi saa nne asubuhi, Blagoja na mkewe Trajanka waliingia katika duka la vifaa vya mabomba mjini Bitola kuchagua tangi la maji ya moto la bafuni. Petkana, mama yake Blagoja, aliyefariki siku thelathini na nane zilizopita, aliingia nyuma yao na taulo begani. Alifuta viatu kwanza, kwa kuwa nje kulikuwa na tope.

"Pole na msiba, Blagoja," alisema Ilinka, mwenye duka. Akamgeukia marehemu. "Na wewe mama, umekonda jamani! Huko hamli?"

"Tunakula mnachotuletea makaburini. Ngano ya kuchemsha ya mkwe wangu haina sukari."

Trajanka akaangalia vigae vya sakafuni.

Siku ya arobaini ingekuwa Jumatatu, na baada ya hapo Petkana asingerudi tena. Tangu mazishi aliomba kuoga kila jioni, na kila jioni alitoka bafuni akitetemeka. Blagoja alitaka aoge maji ya moto walau mara moja kabla hajaondoka.

"Mama anataka lita ngapi?" Ilinka aliuliza.

"Kumi zinatosha. Nimezoea. Huyu mwanangu huniwashia dakika kumi tu, halafu anazima."

Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayetaja saizi ya kiatu. Wateja wawili waliacha kuchagua mabomba. Nyumbani, swichi ya tangi la zamani ilikuwa ukumbini, nje ya mlango wa bafu, na kwa miaka sita ambayo Petkana aliishi nao ni Blagoja aliyeishika. Kwa ajili yake mwenyewe na Trajanka aliwasha kwa saa mbili nzima.

"Nilikuogopea shoti, mama."

"Mbona mkeo hukumwogopea?"

Masikio ya Blagoja yaliwaka. "Lita themanini," akamwambia Ilinka, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Fundi alilifunga tangi jipya bafuni mchana uleule. Blagoja aliliwasha hadi jioni. Trajanka alijaribu maji kwa kidole, akaungua. Petkana akaingia, na mara akatoka, midomo ya bluu, povu bado nyweleni.

"Yalikuwaje, mama?"

"Kama siku zote, mwanangu. Ahsante."

Jumapili aliliwasha tangu alfajiri. Mambo yakawa yaleyale. Fundi aliitwa, akapima, akafunga mkoba wake.

"Tangi ni zima, kaka. Kwake yeye maji yanatoka baridi, basi. Hilo siliwezi."

Jumatatu ndugu walikuja na mishumaa na ngano yenye sukari. Walinawa mikono bafuni, wakasifu maji kwamba yana moto wa kutosha. Petkana alioga mara ya mwisho, akavaa koti, akambusu kila mtu, Blagoja pia, akashuka ngazi.

"Wewe, Blagoja!" shangazi yake alisema, amesimama dirishani. "Umemwachaje mama yako atoke na nywele mbichi, baridi yote hii?"

Blagoja alijibu kwamba tangi lilikuwa jipya.