Au Bila Sababu

Sauti ya marehemu mama yake Ayuma ilikuwa imebaki mahali pamoja tu duniani: kwenye tovuti aliyoitengeneza Ayuma katika darasa la jioni la kompyuta, mama akimfundisha mzazi aliyejifungua mara ya kwanza jinsi ya kuosha mtoto. Simu iliyoirekodi ilishaanguka ndani ya beseni la nguo. Sasa tovuti nayo imefungwa, na kampuni inayoihifadhi imetuma mstari mmoja: akaunti imesitishwa.

Aliipigia kampuni simu akiwa sebuleni kwake, mtaani Shieywe, spika juu, mtoto mgongoni, mwalimu wake Wangila ameketi kando. Hakusikia hasira wala uchungu. Alikuwa kama mkono uliolaliwa: upo, lakini si wako.

"Jairus hapa, huduma kwa wateja. Nikusaidie aje, madam?"

Akaeleza. Jairus akatafuta, akasoma: "Kampuni inaweza kufunga akaunti kwa sababu yoyote, au bila sababu."

"Yangu ni gani?"

Kibodi ikagongwagongwa. "Yako ni hiyo ya pili."

"Bila sababu."

"Eeh. Na ulibonyeza 'Nakubali', madam."

"Kurasa arobaini na moja," Wangila akanong'ona. "Hata mimi ninayewafundisha nabonyezanga tu."

"Basi nirudishieni sauti."

"Hatulazimiki. Kipengele cha tisa: chochote kilichowekwa tunaweza kukihifadhi na kukitumia tutakavyo, kwa shughuli yoyote..." Kiti kikalia upande wa Jairus. Aliporudi, alikuwa amepunguza sauti. "Yoyote. Sasa nani ataniuliza yangu ni shughuli gani? Usikate."

Kukawa na mkwaruzo, kisha mama.

"Maji unapimanga na kiwiko, mwanangu, si kidole. Kidole kimezoea sufuria, kitakudanganya." Maji yakamwagika. "Shingo shika hivi. Wacha kuogopa, hawavunjikangi."

Mtoto mgongoni akaacha kunyonya ngumi. Ikaisha. Ayuma aliyatafuta machozi, hayakuwepo.

"Kabla hujakata," Jairus akasema, "wananilazimisha kuuliza. Kutoka moja hadi tano, umeridhika aje na huduma yetu?"

Ayuma akachukua simu ya Wangila kutoka mkononi mwake, akaiweka irekodi, akaisogeza hadi ikagusana na yake.

"Nitakujibu," akasema. "Irudie sauti kwanza."