Biti Zilizoangukia Kushoto

Saa nne na robo asubuhi, siku ya Jumanne, Fundi alisogeza safu za wafanyakazi wote nafasi moja kwenda kushoto, na biti zikaanguka sakafuni. Zilidondoka kutoka ukingo wa kushoto wa kompyuta yake, kwanza moja moja, kisha kwa wingi, kama mtama unaovuja kwenye gunia lililotoboka. Alisubiri zimalizike. Halafu akachukua ufagio.

Alijua zingeanguka. Katika kiwanda kile cha sabuni kila mfanyakazi alikuwa na baiti moja kwenye mashine ya getini, yaani nafasi nane zilizopangwa mstari mmoja, na ndani ya kila nafasi kuna biti, yaani moja au sufuri: anaruhusiwa, haruhusiwi. Zote nane zilikuwa na kazi. Sasa Meneja alitaka nafasi mpya upande wa kulia, ya kuonyesha nani amechelewa.

"Tuwape baiti mbili mbili," Fundi alikuwa amemwambia.

"Mashine inasoma nafasi nane tu, na mashine nyingine sinunui."

"Basi nikisogeza, ya mwisho kushoto inaanguka. Hiyo ndiyo ruhusa ya kukalia stuli wakati wa kazi, bosi. Wanayo watu sitini na mmoja. Wenye magoti, wenye migongo, wajawazito."

"Kwani kusimama kumeua nani?" Meneja aliuliza, akiwa amekaa. "Sogeza. Yakishamwagika hayazoleki, watazoea."

Sufuri hazikuwa na uzito. Feni ilipogeukia upande ule zilipeperuka zote zikatokea dirishani. Zile moja zilibaki sakafuni, zina uvuguvugu kidogo, kama yai lililotoka kutagwa. Fundi alizihesabu, zikatimia sitini na moja, akazitia kwenye kisanduku cha kiberiti.

Mojawapo ilikuwa ya baba yake. Mzee alikuwa mpakiaji pale pale kiwandani, mwaka wa ishirini na sita huo, na magoti yake yalikuwa yamekwisha kabla ya pensheni kufika. Saa nne na nusu alirudi nyuma akae kama kawaida, na stuli ikasogea kushoto hatua moja. Akaifuata, ikasogea tena. Ilipofika ukutani ikaanguka, naye akarudi kupakia akiwa amesimama, kwa sababu sabuni zilikuwa zinazidi kuja.

Nyumbani hali ilikuwa ile ile. Kochi lilimkimbia kuelekea kushoto mpaka likaziba mlango wa jikoni, ikabidi Mama apite kwa nje kuleta chakula. Mama hakuwa mtu wa maswali mengi. Aliinua meza kwa matofali manne ili mumewe ale wima. Asubuhi, kwa kuwa hata ukingo wa kitanda ulikuwa unamkwepa, alipiga magoti akamfunga kamba za viatu.

"Miaka thelathini nakuomba unipigie magoti," Baba akasema.

"Usizoee. Lete mguu wa pili."

Fundi alikuwa mlangoni anawatazama, na roho ilimuuma kweli kweli. "Ni mkono wangu, Baba. Mimi ndiye niliyesogeza."

"Mtoto akinyea mkono, mkono haukatwi," Baba alimjibu. "Na wewe ulianza kuninyea mapema sana."

Fundi hakucheka. Ila maneno ya Meneja yalimrudia, akaona kwamba biti si maji. Biti zinazoleka, na yeye alikuwa ameshazizoa. Akakitoa kiberiti mkobani, akakimwaga juu ya sinia. Baba aliinama akazitazama kwa makini.

"Ipi ni yangu?"

"Yoyote, Baba. Moja ni moja."

Akachagua ya ukingoni, akaitia mfuko wa shati, akarudi nyuma taratibu. Kochi lilitulia. Baba akakaa. Alifumba macho, machozi yakamtoka, na hakuna aliyejifanya hayaoni. Mama alikaa pembeni yake, akayapangusa kwa upande wa kanga, kisha akamwambia anachelewa kazini.

Kule kazini ile biti haikumsaidia kitu. Mashine ya getini inasoma nafasi zake nane, haina habari na mtu ana nini mfukoni, na stuli ilimkimbia Baba kama jana yake.

Lakini habari ilienea. Jioni ile walikuja wote sitini waliobaki, wakapanga foleni hadi barabarani, wengine wameegemea ukuta, wengine wameegemeana. Wa kwanza alikuwa Mama Pacha, ambaye pacha wake walikuwa bado hawajazaliwa.

"Mimi nipe tatu," alisema. "Tuko watatu."

Alipewa moja, ikawatosha wote. Kila mmoja alichukua yake kwenye sinia, akaijaribu kwenye kochi, akaketi kidogo kwa raha zake, akashukuru, akaenda nayo kwake. Sinia lilipobaki tupu Mama aliliosha.

Meneja alipopata habari alifurahi. "Kumbe wanakaa makwao? Basi hakuna aliyepoteza kitu." Kisha akamwambia Fundi kwamba anahitaji nafasi nyingine kufikia Jumanne, ya kuonyesha nani anaongea wakati wa kazi.

Jumatatu jioni Fundi alimsimulia baba yake, ambaye alikuwa kwenye kochi amenyoosha miguu.

"Safari hii inaanguka ipi?" Baba akauliza.

"Ruhusa ya kutoka mapema kwa mwenye kuuguza mtu nyumbani."

"Hiyo si ndiyo unayonipelekea mimi hospitali?"

"Ndiyo hiyo."

 Baba akainuka, kwa shida lakini mwenyewe, akafungua kabati, akatoa kopo kubwa la biskuti ambalo Mama alikuwa anawekea nyuzi. Akazimwaga nyuzi mezani, akalifuta kopo vumbi kwa mkono wa shati, akampa binti yake.

"Uizime feni kwanza," alimwambia. "Safari hii na zile sufuri usiziache ziende. Iko siku Meneja naye ataomba ruhusa."

Kesho yake Fundi alilibeba kopo kwapani mpaka kazini. Akazima feni, akaliweka kopo wazi upande wa kushoto wa kompyuta, na ilipofika saa nne na robo akasogeza.